Mgombea wa "ardhi ya kijiji haiuzwi" tumsikilize mpaka mwisho

Mgombea akisimama jukwaani Bahi, Chamwino au Kongwa, mkoani Dodoma, na kusema ardhi ya kijiji isigeuzwe bidhaa, wachambuzi wa mjini wana jina lake tayari: mhafidhina. Jina hilo huja na mzigo wake, kwamba anaogopa maendeleo, anafukuza wawekezaji, anataka vijana wabaki na jembe la mkono. Kwa kawaida msimamo wake una mambo matatu. Ardhi ya kijiji ibaki chini ya mkutano mkuu wa kijiji na isiingie sokoni kama kiwanja cha Area D, Dodoma mjini. Mgeni asimiliki ardhi. Chakula kisivuke mpaka kabla nchi haijashiba. Mambo haya hayana uzito sawa, na anayeyatupa yote kwa pamoja huwa hajayasoma.

La mgeni linaisha haraka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilishamkatalia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na hapo hupata haki inayotokana na ile ya mamlaka ya uwekezaji. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ziko kwa wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni. Mgombea anayeahidi kuleta katazo hili anaahidi kitu kilichopo. Tundu lililobaki ni raia anayenunua kwa jina lake kwa fedha za mtu mwingine, na hilo halizibwi kwa hotuba. Linazibwa na masijala inayoonyesha nani amenunua ekari ngapi na lini. Masijala hiyo tutairudia, maana ndiyo kila kitu.

La chakula ndipo anapokosea, na ni vema isemwe wazi. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi yakiwa punje, ikaruhusu unga. Hoja ilivutia: ukiuza unga, pumba, ajira na kodi vinabaki nyumbani. Ila mkulima hauzi unga. Anauza gunia, kwa dalali mwenye lori, mara nyingi kwa sababu ada ya shule au deni la mbolea limefika. Pale Kibaigwa, mahali mahindi ya Kongwa na Kiteto yanapokutana na wanunuzi wa Dar es Salaam na wa mikoa ya mpakani, mnunuzi akishajua njia ya kaskazini imefungwa hana sababu ya kupandisha bei. Mwenye ghala la kisasa anaweza kusubiri. Mwenye magunia 20 yaliyokaa kwenye sakafu ya udongo hawezi, kwa sababu dumuzi hawasubiri tangazo la waziri, na mahindi yenye unyevu zaidi ya asilimia 13.5 huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Mikoa ya Dodoma na Manyara inaijua sumu hiyo vizuri: mwaka 2016 iliua watu. Mahindi yanayozuiwa kwa jina la usalama wa chakula yanaweza kuwa ndiyo yanayoharibika chumbani mwa mlaji.

Kwa upande wake, mgombea ana hoja moja ambayo wapenda soko huria huiruka. Kaya nyingi za Dodoma huuza nafaka Juni na kununua Februari. Kwa kaya ya namna hiyo, bei ikipanda kwa sababu malori yamevuka mpaka, hasara ya Februari inaweza kumeza faida yote ya Juni. Hiyo ni kweli. Lakini dawa yake ipo, na makao makuu yake yako hapahapa Dodoma: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Anayetaka taifa liwe na akiba ainunue kwa bei ya soko wakati wa mavuno na aiuze kwa utaratibu wakati wa njaa. Kufunga mpaka ni kumlazimisha mkulima agharamie akiba ya taifa kutoka mfukoni mwake.

Sasa ardhi. Hapa mgombea huyu haeleweki, na sehemu ya kosa ni yake mwenyewe, kwa sababu huitetea kwa maneno ya mila na heshima ya wazee wakati hoja yake yenye nguvu zaidi iko kwenye kalenda na kwenye vifungu vya sheria.

Kwanza tukumbuke kinachohifadhiwa ni nini, maana uhafidhina wa Tanzania una sura ya peke yake. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika wapewe umiliki binafsi wa moja kwa moja, unaowaruhusu kuuza na kuweka rehani, Nyerere aliupinga. Alisema, kwa ufupi, kwamba katika nchi ya maskini haki ya kuuza ardhi itatenganisha wenye ardhi na wapangaji ndani ya muda mfupi, na haikuwa vigumu kutabiri nani angekuwa upande upi. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki wa aina hiyo ulifutwa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilikwenda mbali zaidi, ikapendekeza ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji moja kwa moja badala ya kubaki chini ya Rais kama mdhamini. Serikali haikukubali. Sheria mbili za 1999, namba 4 ya Ardhi na namba 5 ya Ardhi ya Vijiji, ziliacha dhamana kwa Rais na usimamizi wa kila siku kwa halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo mhafidhina wa Bahi anatetea kitu kilichoasisiwa na wanamapinduzi wa TANU, na wanaomwita wa kale wanapendekeza jambo ambalo gavana wa Kiingereza alilipendekeza kabla yao. Hili halithibitishi nani yuko sahihi, ila linapunguza kidogo ukali wa lile jina.

Hoja ya upande wa pili inajulikana. Ardhi isiyoweza kuuzwa wala kuwekwa dhamana ni mtaji uliolala. Mpe mkulima hati, benki itampa mkopo, atanunua trekta au pampu, na asiyejua kulima atamuuzia anayejua. Wazo hili ndilo lililozaa Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge, MKURABITA, ulioanza mwaka 2004. Lina mantiki, na kisheria hati ya hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya mjini, hata kifungu cha 18 cha sheria namba 5 kinasema hivyo. Kwa nini basi hati nyingi zimebaki kabatini?

Afisa mikopo wa benki haangalii hati, anaangalia siku ya kuiuza. Anajiuliza: mkopaji akishindwa, shamba hili nitamuuzia nani, kwa bei gani, kwa muda gani? Kwa ardhi ya kijiji wanunuzi wa kwanza ni wanakijiji wenyewe, ambao katika mwaka mbaya wote wamekwama pamoja. Mtu wa nje anaweza kununua, lakini uhamisho unahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji na mnunuzi aonyeshe nia ya kukaa au kuzalisha pale. Gharama ya mthamini kutoka mjini kwenda kupima ekari 3 za uwele inaweza kukaribia mkopo wenyewe. Kwa hiyo benki inakopesha kwa kuangalia mshahara, stoo ya mazao, au mkataba wa mnunuzi wa alizeti au zabibu, na hati inabaki kuwa karatasi ya pembeni. Wanaosema "ondoa ridhaa ya kijiji, benki zitakuja" wana ukweli nusu. Ridhaa ikiondolewa shamba litauzika haraka zaidi. Mwenyewe atauza katika mwezi upi, hawasemi.

Na hapa ndipo kalenda inapoingia. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kiasi chake ni wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena mara nyingi ikiwa na pengo la wiki kadhaa kati ya Januari na Februari. Uwele huvunwa kuanzia Aprili, mtama na alizeti Mei na Juni. Akiba ya mwaka uliopita huisha Januari. Miezi mitatu ya kati ndiyo watu wanakula kwa vibarua, kwa kuku na mbuzi wanaouzwa kwa bei ya kutupa, na kwa mboga za porini. Sasa weka mkopo juu ya kalenda hiyo. Fedha zinachukuliwa Novemba kwa mbegu na trekta la kukodi. Pengo la mvua linakuja, nusu ya shamba inakauka, marejesho ya kwanza yanakosekana. Sheria inampa mkopaji aliyeshindwa siku 60 za notisi. Notisi ya katikati ya Februari inaisha katikati ya Aprili, uwele ukiwa ndiyo kwanza unaanza kuvunwa na mtama na alizeti bado. Mkulima huyu hajashindwa kulima. Ameshindwa na tarehe. Mkopo huohuo ukipangwa urejeshwe Julai angeulipa kwa mazao yaleyale yaliyobaki.

Hata bila benki mambo ni yaleyale. Anayelazimika kuuza shamba huliuza Februari, kwa sababu ya ugonjwa, njaa au ada. Anayenunua hununua Februari, kwa sababu ana mshahara au duka. Bei ya Februari ni bei ya mwenye njaa. Msimu unaofuata muuzaji anahitaji mahali pa kulima, anakodi ekari moja kwa msimu, pengine katika shamba lilelile, na kodi hulipwa kabla ya kupanda, yaani kabla hajavuna. Mfumuko wowote wa bei ya ardhi baada ya hapo, barabara ikipita au umeme ukifika, ni mali ya mnunuzi. Hakuna aliyeiba kitu. Kila hatua ilikuwa ya hiari, na mwisho wake ni ule ule alioutabiri Nyerere mwaka 1958. Mgombea anaposema ardhi isiuzwe hovyo, kinachostahili kutetewa ni hiki: kizuizi cha kijiji huchelewesha uamuzi unaofanywa mwezi mbaya. Ridhaa ya halmashauri ya kijiji haipatikani siku hiyohiyo. Kero hiyo ya kusubiri, ambayo mwekezaji huiita urasimu, kwa mwenye njaa inaweza kuwa tofauti kati ya kuuza Februari na kutouza kabisa.

Kuna jambo la pili, na hili linanikera kuliko yote kwa sababu halitajwi majukwaani. Takwimu zinazotumika miaka yote zinasema ardhi ya kijiji ni karibu asilimia 70 ya nchi, ya hifadhi 28, ya jumla 2. Mwekezaji hupewa ardhi ya jumla. Asilimia 2, na ndani yake imo miji yote. Maana yake mradi mkubwa wa kilimo kwa kawaida huanza kwa kuhamisha ardhi kutoka ile 70. Kifungu cha 4 cha sheria namba 5 kinaeleza namna ya kuhamisha: eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Soma tena. Hekta 250 ni kama ekari 618. Kijiji kina kauli ya mwisho juu ya ekari 600, na kinabaki na mapendekezo juu ya ekari 6,000. Kadiri kinachochukuliwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo sauti ya wanaonyang'anywa inavyokuwa ndogo.

Na uhamisho ni wa upande mmoja. Ardhi ikishakuwa ya jumla, mradi ukifa hairudi kijijini yenyewe. Kisarawe kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kwa ajili ya mibono ya mafuta. Mwaka 2011 ikafunga kazi, na wanavijiji wakabaki bila ajira iliyoahidiwa na bila kuwa na haki ya kulirudia eneo. Mikoa ya kati ina somo lake la zamani zaidi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianzia Kongwa mwaka 1947 ukilenga ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu hadi kuvunja majembe ya matrekta, mvua ikawa haba, na Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kutafuna zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo wangeweza kuwaambia kuhusu mvua bila malipo. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya taifa.

Nyongeza yake ni ile tofauti ya tafsiri ndani ya sheria zenyewe. Sheria namba 4 inaeleza ardhi ya jumla kuwa ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria namba 5 haina maneno hayo. Kwa Mgogo au Mmasai, eneo lililoachwa miaka minne lipumzike, au mbuga inayoliwa na ng'ombe Septemba tu, linatumika. Kwa afisa anayepita Machi na gari akaona hakuna ng'ombe wala shamba, halitumiki. Mgombea mhafidhina mwenye nia angeanza na mstari huo mmoja; kuurekebisha hakuhitaji fedha yoyote.

Hata hivyo upande wa pili una hoja ambazo kelele za "haiuzwi" haziwezi kuzifunika. Kubwa kuliko zote ni kwamba ardhi ya kijiji inauzwa. Inauzwa kila wiki. Inauzwa kwa karatasi ya daftari yenye sahihi za mashahidi wawili na muhuri wa mtendaji, mara nyingi kwa "asilimia" ya ofisi isiyo na stakabadhi. Hakuna mchoro, hakuna majirani walioitwa, mke hakuulizwa. Shamba moja linaweza kuuzwa kwa watu watatu. Mwenyekiti asiye mwaminifu huliuza hata eneo la malisho, na mipaka kati ya Kongwa na Kiteto inaonyesha mwisho wake: wakulima wenye karatasi walizopewa na viongozi wa upande mmoja wakakutana na wafugaji wanaolijua eneo kuwa la malisho, na mwanzoni mwa 2014 watu wakauana. Kizuizi kinachomzuia mwaminifu tu na kumwachia tapeli nafasi hakimlindi mtu. Anayesema soko rasmi ni bora kuliko soko la gizani hasemi upuuzi.

Hoja yao nyingine iko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na hapo mhafidhina hana jibu zuri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Katikati hapo kuna tangazo la Julai 2016 la Serikali kuhamia, kuvunjwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu Mei 2017 pamoja na hati zake za miaka 33 zilizokuwa zikilalamikiwa, na Mji wa Serikali kujengwa Mtumba. Mashamba yaliyokuwa ya karanga yakawa viwanja. Aliyeuza kwa ekari aliuza mita za mraba 4,047 kwa bei ya shamba. Ekari hiyohiyo ikipimwa, ukatoa theluthi moja kwa barabara na maeneo ya umma, hubaki kama mita 2,700, yaani viwanja 4 vya mita 600 na chenji. Bei ya kiwanja kimoja kilichopimwa mara nyingi huizidi bei ya ekari nzima isiyopimwa. Tofauti hiyo ilikwenda kwa waliokuwa na fedha ya kumlipa mpima na kusubiri. Huko, kumwambia mkulima "ardhi haiuzwi" mpaka buldoza lifike ni kumwachia fidia peke yake.

Fidia nayo ina hesabu zake, na ni vema mpiga kura azijue. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994, katika shauri la Akonaay, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, hivyo haichukuliwi bila fidia. Kanuni za 2001 zinataka mwenye shamba alipwe thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi sawa na pango la miezi 36 kama kuna nyumba, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na faida inayopotea kama kuna biashara. Malipo yakichelewa kupita miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini ukizidi miaka 2 bila kulipwa unatakiwa urudiwe. Kinachoharibika kwa kawaida ni mwanzo: siku ya uthamini mwenye shamba hayupo, fomu inasainiwa na ndugu, mazao ya kudumu kama mizabibu yanahesabiwa kwa idadi bila umri, na hakuna aliyepiga picha wala kubaki na nakala. Asiye na hati yoyote anabishania mipaka kwanza, na bei baadaye.

Kwa hiyo pande zote mbili zinakutana kwenye hati, ingawa kwa sababu tofauti, na hapa ndipo utamjua mgombea anayejua anachokisema. Hati ya kimila haianzi na shamba. Inaanza na mipaka ya kijiji: vijiji jirani vikubaliane kwa maandishi, ramani iidhinishwe, kijiji kipate cheti cha ardhi ya kijiji. Kisha mpango wa matumizi ya ardhi chini ya sheria namba 6 ya 2007, unaotenga makazi, mashamba, malisho, misitu na akiba, ukipitishwa na mkutano mkuu pamoja na sheria ndogo zake. Ndipo kamati ya uhakiki, ambayo kati ya wajumbe wake lazima wawepo wanawake wa kutosha, inatembea shamba kwa shamba na mwenye shamba na majirani wote. Mambo yanaharibika sehemu tatu. Malisho hutengwa kwenye ramani kiangazi, wafugaji wakiwa wamehama, hivyo wanarudi na kukuta kikao kimekwisha. Vipimo huchukuliwa kwa kifaa cha mkononi chenye kosa la mita 3 hadi 5. Kwa shamba la ekari moja, la mita 64 kwa 64, kosa la mita 4 kwenye pande mbili ni mita za mraba 500, moja ya nane ya shamba, na hiyo inatosha kuzaa kesi. Halafu jina: hati huandikwa jina la mume peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo, ingawa kifungu cha 3 cha sheria namba 5 kinampa mwanamke haki sawa na kifungu cha 20 kinafuta mila yoyote inayomnyima. Mhafidhina anayetetea mila na kunyamaza juu ya kifungu cha 20 hatetei kijiji, anatetea nusu ya kijiji.

Mwisho wa safari yote hiyo ni masijala: chumba chenye mlango unaofungwa, kabati la chuma, daftari na mtu anayeliandika kila shamba linaporithiwa, kugawanywa au kuuzwa. Vijiji viko zaidi ya 12,000 nchini na vingi havina chumba hicho. Bila daftari kuandikwa, hati iliyotolewa leo inakuwa ya uongo baada ya mwenye shamba kufariki, na kijiji kinarudi kwenye karatasi za mtendaji. Hii ndiyo bajeti ya kumwuliza mgombea. Aseme ni vijiji vingapi vya jimbo lake vina mpango wa matumizi, vingapi vina masijala, na fedha za kumalizia zitatoka fungu lipi la halmashauri. Akijibu kwa methali, ameshajibu.

Maoni yangu ni kwamba kizuizi cha kijiji kibaki, kiwe kigumu zaidi kwa maeneo makubwa na chepesi zaidi kwa mwanakijiji anayehamisha ekari mbili kwa jirani yake. Kikomo cha hekta 250 kigeuzwe: juu yake ridhaa ya mkutano mkuu iwe lazima. Na kwa vijiji vinavyopakana na mji unaokua, kama vile vya Chamwino vinavyoelekea Jiji, upimaji ufanyike mapema, wenye mashamba wakibaki na viwanja vyao, kabla dalali hajafika na bei ya ekari.

Mwekezaji je? Njia yake ipo kwenye sheria hiyohiyo na mgombea wetu haitaji kamwe, pengine kwa sababu inaharibu kaulimbiu. Kijiji kinaweza kukodisha bila kuhamisha, kwa ngazi zinazopanda kulingana na ukubwa wa eneo na muda: pango dogo na fupi huamuliwa na halmashauri ya kijiji, kubwa na refu huhitaji mkutano mkuu na mkono wa Kamishna wa Ardhi. Mzabibu huchukua mwaka na nusu mpaka miwili kabla ya mavuno ya maana na kisha huzaa kwa miongo, kwa hiyo anayetaka kupanda hekta 40 za zabibu Hombolo au Bihawana anahitaji pango la miaka mingi, na hilo linawezekana bila ardhi kubadilika kuwa ya jumla. Pango lipandishwe kila baada ya miaka kadhaa kwa kiwango kilichoandikwa, lilipwe Januari badala ya Julai, na mkataba useme kwamba shamba likikaa misimu miwili bila kulimwa linarudi kijijini pamoja na visima vyake.